Ndago Zilizobaki

Jina la Mama Ndago alipewa kwa utani, likamganda. Hakuwa na mtoto wa kumzaa, na ndago, kila mwenye shamba anajua, ni gugu lisilo na haya: ukiling'oa leo, keshokutwa limechungulia tena. Wenzake kazini walimwita hivyo kwa sababu kwa miaka ishirini na sita alikuwa ameshinda na gugu hilo na ndugu zake wote, na kila walipodhani sasa atahamia kwenye maua ya kupendeza macho, walimkuta palepale, ameinamia majani.

Alifanya kazi kwenye jumba la kutunzia mimea iliyokaushwa. Lilikuwa na madirisha membamba, kabati za chuma zilizotoka sakafuni hadi karibu na dari, na harufu ya dawa ya nondo iliyomfuata mtu mpaka nyumbani kwake. Mle kabatini kila mmea ulikuwa umebandikwa kwenye karatasi ngumu, na chini yake kibandiko: ulichumwa wapi, lini, na nani, na jina lake la Kilatini. Mama Ndago aliingia humo akiwa na ufagio. Mwaka wa tatu mbandikaji mmoja alikwenda likizo ya uzazi na hakurudi, na yeye akapewa gundi, sindano na uzi. Hakuwa na cheti cha maana. Alijifunza Kilatini kwa kukiandika, na alijifunza mimea kwa kuisafisha tope.

Wataalamu walileta mizigo kutoka mabondeni na milimani, nao hawakupenda kushughulika na jamii ya ndago, maana yote kwa mbali huonekana nyasi tu. Basi walimsukumia yeye. Akajua kwamba shina la nyasi ni mviringo na ndani lina uwazi, lakini la ndago kwa kawaida lina pembe tatu na limejaa. Akajua majani yake huota pande tatu, si mbili. Akajua kuna mafunjo yanayompita mtu kimo na kuna kindago kisichofika urefu wa kucha. Kuna yanayotaka miguu iwe majini mwaka mzima na kuna yanayoishi juu ya mwamba kwa umande. Tofauti kati ya ndugu na ndugu mara nyingine ilikuwa kwenye mbegu tu, ndogo kuliko punje ya chumvi, laini au yenye mikunjo. Alizitazama kwa lenzi yake ya mkononi mpaka jicho la kushoto likazoea kufumba lenyewe.

Aliwahi kukosea mara moja, na kosa hilo lilimkaa kooni. Mtafiti mmoja mgeni alimwonyesha ndago kavu, yeye akaitaja kuwa ni ya aina adimu, na mgeni akaichapisha kwenye ripoti. Miezi sita baadaye ikabainika ni ndago ya kawaida kabisa iliyopauka kwa kukaa juani. Mhifadhi Mkuu, bosi wao, mtu mpole aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka kumi na mwenye kupenda utaratibu, alilazimika kuandika barua ya kusahihisha. Hakumgombeza. Alitoa tu agizo kwamba kuanzia siku ile hakuna jina la mmea litakalotoka mle ndani bila sahihi yake yeye. Mama Ndago angependelea agombezwe.

Jumatano moja, yapata saa tano asubuhi, simu yake ililia. Alikuwa ni binti wa kaka yake, muuguzi katika hospitali ndogo iliyo nje kidogo ya mji. Binti huyo alilelewa nyumbani kwa Mama Ndago tangu darasa la tano, na hakuwa na tabia ya kupiga simu saa za kazi.

"Shangazi, ndago zinaweza kuua mtu?" aliuliza.

Akamweleza haraka haraka. Watoto watatu walikuwa wameletwa kutoka shule ya msingi iliyo kando ya bonde la maji: mvulana wa darasa la nne, mtoto wa fundi pikipiki, na mapacha wa kike wa darasa la pili. Wakati wa mapumziko ya asubuhi walichimba vijiazi vya ndago na kuvila, kama watoto wa pale walivyokuwa wakifanya miaka yote. Sasa walikuwa wanatapika, wamelegea, na mapigo ya moyo ya yule mvulana yalikuwa yakishuka. Daktari wa zamu alidhani ni dawa ya kuulia wadudu, kwa sababu mkulima mmoja alikuwa amepulizia maharagwe yake juu ya bonde siku iliyotangulia. Lakini kuna jambo lilikuwa linamsumbua daktari huyo, wala hakulisema ni jambo gani.

Mama Ndago alimwambia ndago hazimwui mtu. Kisha akachukua lenzi yake. Akasema anakuja.

Mhifadhi Mkuu alimsikiliza amesimama mlangoni mwa ofisi yake. Alishauri walete mmea ofisini, wenye ua na mizizi, wajaze fomu, naye angeutazama mara moja, hata kabla ya chakula cha mchana. Mama Ndago alijibu kwamba watoto wenyewe huenda wasifike hiyo saa ya chakula. Bosi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Ukienda, mama, nenda kama shangazi," alisema. "Usiende kama ofisi."

Akaenda kama shangazi, lenzi ikining'inia shingoni, kwenye pikipiki iliyompitisha njia ya vumbi kwa dakika ishirini ambazo aliziona kama nusu siku.

Wodi ilikuwa na vitanda sita. Mapacha walilazwa pamoja, wamegeukiana, midomo imewakauka. Mvulana alikuwa kitanda cha dirishani, macho nusu wazi, na baba yake, fundi, amekaa sakafuni na suruali yake ya kazi yenye mafuta, ameshika mguu wa mwanawe kana kwamba mtu atamnyang'anya. Daktari wa zamu, kijana mwembamba mwenye mashavu yaliyobonyea kwa kukosa usingizi, alimpeleka Mama Ndago pembeni na kumweleza bila kuzunguka. Kwa sumu ya shambani dawa alikuwa nayo kabatini. Kama ni sumu nyingine, ile inayoshika moyo moja kwa moja, tiba yake iko hospitali kuu, mwendo wa saa mbili kwa barabara mbovu. Gari la wagonjwa lilikuwa moja. Kuwatoa watoto katika hali ile na kuwarusha barabarani bila sababu kungeweza kuwamaliza. Kuwaacha pale kwa tiba isiyo yao kungewamaliza vilevile.

"Siwezi kubahatisha, mama," alisema. "Nataka kujua walikula nini."

Mama wa mapacha alikuwa amekuja na mfuko wa plastiki uliookotwa shuleni chini ya dawati. Mama Ndago aliumwaga juu ya meza ya chuma. Vilikuwa vijiazi arobaini na kitu, vidogo kama kunde mpaka ukubwa wa karanga, vyeusi kwa udongo. Alivichukua kimoja kimoja. Alifuta tope kwa kidole gumba, akatafuta mistari midogo inayokizunguka kijiazi kama pete, akatafuta mkia wa uzi mgumu unaokiunganisha na mwenzake. Alikwangua kwa ukucha na kunusa. Harufu ilikuwa ileile, kali na tamu kidogo, ambayo angeitambua hata akiwa amefungwa kitambaa machoni. Kumi. Ishirini. Daktari alisimama nyuma yake akitazama saa. Thelathini. Arobaini na tatu.

Vyote vilikuwa ndago.

"Kwa hiyo ni chakula tu," daktari alisema.

"Hivi ni ndago," alijibu, na lilikuwa jibu la kweli. Daktari aligeuka, akaanza kumwagiza muuguzi atoe dawa ya sumu ya shambani. Binti wa kaka yake alikwisha kufungua kabati. Mama Ndago alibaki ameinamia meza, akitazama lile rundo, na kuna kitu kilikuwa kinamkera bila kujitaja. Vilikuwa vidogo mno. Alijaribu kukumbuka yeye mwenyewe akiwa mtoto, magoti topeni, na alichokuwa akikifanya mkono ukipata kijiazi kinono.

"Daktari, ngoja," alisema. "Hivi ndivyo ambavyo hawakula."

Kijana alisimama.

"Mtoto huanza na kikubwa. Vidogo ndivyo anavyoweka mfukoni. Tumepekua mabaki tu. Nionyesheni nguo zao."

Sare zilikuwa kwenye beseni bafuni, zimelowa matapishi. Alizipekua kwa mikono mitupu kabla mtu hajamtafutia glavu. Kwenye magauni ya mapacha hakukuwa na kitu. Kwenye mfuko wa kaptula ya mvulana, pembeni kabisa ambako uzi wa mshono hukusanya uchafu, kulikuwa na ganda. Halikuzidi ukucha wa kidole cha mwisho. Alilipeleka dirishani, akaliweka chini ya lenzi, na jicho la kushoto likafumba.

Ganda la ndago ni magamba meusi meusi. Hili lilikuwa wavu: nyuzi za rangi ya kahawia zilizopishana, kama kifuko kilichosukwa na buibui mwenye mikono mizito. Aliujua wavu huo. Kulikuwa na mmea uliopenda kuota palepale penye ndago, kwenye majani mafupi kando ya maji, wenye jani jembamba refu ambalo mtu akipita angeapa ni jani la ndago. Ulikuwa wa jamii nyingine kabisa, ukoo wa maua. Chini yake kulikuwa na kijiazi kimoja kinono, kimevikwa wavu. Wafugaji waliuchukia kwa sababu ng'ombe walioula walianguka na kufa, moyo ukiwa umewasimama. Aliubandika kwenye karatasi mara nne au tano maishani, na kwenye kibandiko kimoja kulikuwa na maneno hayo ya ng'ombe.

Lakini wavu ni wavu. Kulikuwa na vitunguu mwitu viwili vitatu visivyo na madhara ambavyo navyo huvaa hivyo. Ile ndago iliyopauka ilimjia mbele ya macho, na barua ya kusahihisha, na sahihi ya bosi chini yake. Alikaa kwenye kiti, akasimama, akakaa tena. Baadaye alikuja kujua kwamba alikaa hivyo karibu nusu saa, akiligeuza lile ganda, akitaka limpe neno moja zaidi, huku dakika zikimponyoka. Wakati huo muuguzi alikuwa akipita kila baada ya muda kutaja mapigo ya mvulana. Hamsini na moja. Arobaini na sita.

Kilichomtoa kwenye kiti ni fundi. Alisimama mbele yake, mikono imening'inia, akamuuliza kwa sauti ya chini kama ana watoto. Mama Ndago alisema hana. Fundi akasema huyu ni wa pekee, basi.

Alimwambia binti wa kaka yake apige simu shuleni. Mwalimu mkuu, mwanamke mwenye sauti ya kukatisha watu kelele, alishuka bondeni na simu mkononi mpaka mahali watoto walipochimba. Simu ya hospitali iliwekwa juu ya meza, sauti wazi, na daktari akasogea.

"Mwalimu, chuma shina moja karibu na shimo," Mama Ndago alisema. "Livingirishe kati ya vidole."

"Linakwama kwama. Lina kingo."

"Ngapi?"

"Tatu."

"Hiyo ndago. Iache. Chukua lingine."

Walikwenda hivyo, shina kwa shina. La pili lilikuwa na kingo, na la tatu, na la nne. Daktari alipangusa uso. Mwalimu alisogea upande wa pili wa shimo, wakamsikia akivuta pumzi kwa kuinama, na buti zake zikifyonzwa na tope.

"Hili halikwami," alisema. "Linavingirika."

"Angalia majani yake. Yametoka pande tatu au mbili?"

"Mbili. Yamelalia pamoja, bapa, kama upepeo wa mkononi uliofungwa."

"Kuna ua?"

"Hakuna. Kuna kitu cha njano kimejikunja, kama karatasi iliyoloa."

"Ling'oe taratibu, usilikate. Niambie chini kuna nini."

Sauti ya mwalimu iliporudi haikuwa na ukali wowote. Alisema kuna kijiazi kimoja, kikubwa kama jicho la ng'ombe, kimevaa kitu kama wavu. Alisema pia kwamba hapo kando kuna mashimo matupu matano au sita.

Harufu ya kitunguu? Mama Ndago aliuliza. Mwalimu alinusa mara mbili. Hakuna harufu yoyote.

Daktari alitaka uthibitisho wa ofisi, na hakuna ambaye angemlaumu kwa hilo. Alimpigia Mhifadhi Mkuu. Wote walisikia jibu lake, la upole na adabu: jumba halitambui mmea kwa ganda na maelezo ya simu; hawezi kuthibitisha, wala hawezi kukanusha; anaomba aletewe mmea. Daktari alishukuru, akakata, akamgeukia Mama Ndago.

"Una hakika kiasi gani?"

"Niliwahi kukosea," alisema. Aliona afadhali aliseme kosa lile. "Nilitaja jina lisilo lake, likachapishwa. Siku ile nilitaka liwe adimu, ndiyo maana nikaliona adimu. Leo sitaki liwe hili, daktari. Ningependa liwe kitu kingine chochote."

Daktari akamsogezea karatasi na kalamu. Mama Ndago aliandika jina la Kilatini la mmea ule, herufi kwa herufi kama alivyozoea kwenye vibandiko, na chini yake akaweka jina lake mwenyewe na sahihi yake. Dakika saba baadaye gari la wagonjwa lilitoka getini, watoto watatu nyuma, daktari akiwa nao, fundi amejikunja mbele pamoja na dereva.

Kungoja kulimtesa kuliko yote yaliyotangulia. Alikaa kwenye benchi nje ya wodi. Mama wa mapacha hakupata nafasi kwenye gari, basi naye alikuwa pale. Kila mara mama huyo alipovuta pumzi kwa nguvu, Mama Ndago alidhani anataka kumuuliza kitu. Saa tisa na robo simu ilikuja. Mapacha walikuwa wamefika wakilia, na kilio kilikuwa habari njema. Mvulana moyo wake ulisimama getini mwa hospitali kuu. Waliushtua, ukarudi, ukasimama, ukarudi tena. Ilikuwa sumu ileile aliyoiandika. Madaktari wa kule walikuwa wameanza tiba yake.

Mapacha walitoka baada ya siku nne. Mvulana alikaa siku kumi na tisa, na alirudi mwembamba, akichoka upesi, akikatazwa mpira kwa mwaka mzima. Watu walimpongeza Mama Ndago mpaka akakereka. Alikuwa akiihesabu ile nusu saa ya kwenye kiti. Alimwuliza binti wa kaka yake, naye, kwa kuwa alimheshimu, hakumdanganya: alisema nusu saa ingeweza kuwa na maana na ingeweza isiwe nayo, hakuna ajuaye.

Ofisini alipewa barua ya onyo kwa kutoa jina la mmea bila idhini. Mhifadhi Mkuu aliileta mwenyewe, akaiweka juu ya meza, akabaki amesimama. Alisema ilimbidi. Mama Ndago alisema anaelewa, na kweli alielewa. Hakuna aliyeomba radhi, na kwa wiki kadhaa walisalimiana kama watu waliogombana harusini.

Mambo hayakuishia hapo. Mwezi uliofuata wazazi walikubaliana kulimaliza bonde lote. Walichanga dawa ya kuulia magugu, wakaazima mabomba ya kupulizia, na siku ya Jumamosi walikusanyika kwenye uwanja wa shule. Mwalimu mkuu alimwita Mama Ndago. Alipofika, fundi alikuwa mbele ya wote, bomba limejaa mgongoni.

Hakuwa msemaji wa mikutano. Aliwaambia kwamba maji ya kisima chao yanapita kwanza kwenye mafunjo na ndago zile, yanaacha tope na taka humo, ndipo yanawafikia. Wakiua majani, mvua ya kwanza italeta bonde zima ndooni, na ile dawa pia. Mtu mmoja alisema ni heri maji machafu kuliko jeneza. Mwingine akasema huyu mama analinda gugu lake. Wachache walicheka, lakini si kwa furaha. Mama Ndago alitaka kuondoka. Badala yake alivua viatu, akaingia majini mpaka magotini, akaanza kupapasa mashina, akivingirisha moja baada ya jingine. Alipopata lisilokwama alilifukua kwa kijiti, akalitoa na wavu wake, akaliweka kwenye ndoo. Kisha akatafuta jingine.

Watu walimtazama kwa muda mrefu. Baadhi walipulizia upande wao hata hivyo, kule juu karibu na maharagwe, na miezi mingi baadaye upande huo ulibaki kipara chekundu kilichokatwa na mifereji ya mvua. Lakini fundi alilitua bomba lake chini. Hakusema amebadili nia. Alikunja suruali, akaingia majini hatua chache kutoka kwake, akachuma shina, akalivingirisha kwa vidole vyake vizito vilivyozoea spana.

"Hili?" aliuliza.

"Ndago," alisema Mama Ndago.

Akalitupa, akachuma jingine, akamnyooshea.

"Na hili?"

Alilishika, akaligeuza, akayatazama majani yake. "Hilo silo pia. Sogea kushoto, penye majani mafupi." Wakaendelea hivyo, wakiongea machache, mpaka ndoo ya kwanza ikajaa na mwalimu mkuu akashuka na ya pili.